Mashairi ya Jumatatu

Jumapili alasiri Nabalayo alikuwa kwake mtaani Umoja, akitazama katuni ya Kijapani kuhusu wanafunzi wa sekondari wanaochunguza mafumbo madogo madogo ya shule yao. Hakuna anayeuawa humo. Siku hiyo walikuwa wakimtafuta aliyeacha maua darasani. Ghafla aliruka kutoka kitini, akampigia simu Muhonja, aliyekaa naye dawati moja kidato cha pili.

"Unakumbuka mashairi yaliyokuwa yakiandikwa ubaoni kila Jumatatu? Hatukuwahi kumjua mwandishi!"

"Wacha! Mwandiko ulilalia kushoto," Muhonja akasema.

"Na maneno yalikuwa yamefutikafutika, kama ya mtu anayetumia mkono wa kushoto."

Wakapiga kelele pamoja: "Aoko!" Alikuwa msichana mkimya wa darasa lao aliyeandika kwa mkono wa kushoto, na ndiye aliyeshika ufunguo wa darasa.

Wakamuunganisha kwenye simu hiyo hiyo, wakamuuliza kama ni yeye. Aoko alicheka mpaka akakohoa.

"Miaka kumi na minne nimengoja mtu aniulize," akasema. "Na bado naandika. Niwasomee moja?"

"Soma!" wakajibu, na Nabalayo akazima televisheni ili asikie vizuri.