Alfajiri za NyaMkandawire

Katika kanisa la Kazengo, upande wa Rumphi, kaskazini mwa Malawi, hakuna aliyeweza kuomba kama Yotamu Chawinga. Alikuwa mwalimu mkuu miaka ishirini na miwili, kisha akastaafu, akawa mzee wa kanisa, na sauti ya darasani akaihamishia mimbarini. Akisimama kuomba msibani, hata wachimba kaburi waliegemea majembe wakamsikiliza. Alianza na mbingu na nyota, akashuka milimani, akapita kwa mafarao na manabii, na alipomfikia mfiwa watu walikuwa wamelia hadi wamechoka. Vijana walimwita Redio. Alijua, wala hakuchukia.

Mkewe, NyaMkandawire, yaani binti wa akina Mkandawire, hakuwa mtu wa maneno. Akina mama wenzake wakiimba, yeye alikuwa jikoni anageuza sima.

Jumanne moja ya mwezi wa sita alikuwa uani akipepeta maharage. Ungo ukamtoka mkononi. Yotamu, aliyekuwa barazani na gazeti lake, alimwona ameinama kama mtu anayeokota kitu, kisha akalala ubavu. Alipomfikia, mdomo ulikuwa umekwenda upande, na macho ya mkewe yalikuwa yakiwatazama kuku waliogombania yale maharage.

Hospitali ya wilaya walikaa siku kumi na tisa. Tabibu alikuwa binti mdogo, mpole, lakini hakuwa mtu wa kuzungukazunguka.

"Baba, ni kiharusi. Upande wa kulia hauna nguvu, na mahali pa maneno kichwani pameumia. Mkandeni, mgeuzeni, mzoezeni kukaa. Mengine tutaona."

"Atasema lini?"

"Sijui, baba."

"Lakini atasema?"

"Baba, nikikwambia najua nitakuwa nakudanganya."

Wakarudi nyumbani. Binti yao alikuja kutoka Mzuzu, akalia, akakaa wiki moja, kisha akarudi kwa watoto wake. Aliyebaki kumsaidia Yotamu ni dada yake mkubwa, Malita, mjane mwenye mgongo uliopinda na ulimi ulionyooka. Malita alimwogesha wifi yake, akamlisha uji kwa kijiko, akamfuta. NyaMkandawire alikuwa amebakiwa na sauti moja tu. Akitaka maji alisema, "Ta, ta." Akiumwa, "Ta, ta." Akimwona mbuzi ameingia jikoni, "Ta, ta, ta!"

Yotamu alishika kazi aliyoijua. Aliomba asubuhi, aliomba jioni, akafunga siku saba kwa maji matupu. Siku ya saba akatangaza kanisani kwamba Jumapili ijayo, baada ya ibada, watu wote waje nyumbani kwake, maana NyaMkandawire atasimama.

Mchungaji Nyasulu alimvuta kando. "Mzee, siku si tungemwachia Mungu mwenyewe apange?"

"Mchungaji, imani haina kesho."

Wakaja watu kama sitini. Akina mama wa kanisa walikuja na blauzi zao nyeupe, wakaketi kwenye mikeka. NyaMkandawire aliwekwa kitini katikati ya uwanja. Yotamu aliomba. Jua lilipanda, kivuli cha nyumba kikasogea kikamwacha mgonjwa juani, inzi akatua mdomoni mwake, na Yotamu bado alikuwa anaomba, macho ameyafumba, jasho linamtiririka. Mwishowe akamshika mkewe mikono miwili.

"Simama!"

Akamvuta. NyaMkandawire aliinuka. Vigelegele vikapasuka uwanja mzima. Kisha goti la kulia likakunjika kama nguo, wote wawili wakaenda chini, kiti juu yao. Vigelegele vikakatika. NyaMkandawire alikuwa amelala chali mavumbini, nguo imelowa mkojo, na mkono wake wa kushoto ulikuwa unahangaika kuivuta sketi ifunike magoti.

Malita ndiye aliyefika kwanza. Alijifungua kitenge chake mwenyewe kiunoni, akamfunika wifi yake, akabaki na gagulo mbele ya watu sitini.

"Mnatazama nini?" akawafokea. "Hamna makwenu? Ondokeni!"

Jioni ile, mgonjwa alipokwisha lala, Malita alimkuta kaka yake ameketi jikoni gizani.

"Wewe Yotamu, ulimuuliza kama anataka?"

"Anataka nini?"

"Kusimamishwa mbele za watu kama ng'ombe wa mnada."

"Hasemi, dada. Nimuulizeje?"

"Kichwa si anacho? Alikitikisa. Alikataa, sote tulimwona. Wewe ulikuwa umefumba macho unahutubia." Malita akashusha pumzi. "Mdogo wangu, Mungu si mkuu wa wilaya umsomee risala. Miaka yote hii nakusikia. Sijawahi kukusikia ukimwambia kitu."

Yotamu alikwenda kulala. Tangu siku ile akaacha kuomba. Hakuamua; alifungua kinywa, maneno yakaja yote kama yalivyokuja siku zote, mbingu na nyota na milima, na kila alipoyaanza aliuona ule mkono wa kushoto unavuta sketi. Chakula alikibariki Malita. Kanisani alijisingizia mafua, na mafua yale yakachukua miezi miwili.

Mwezi wa tisa Malita akafunga mzigo wake. Kitalu chake cha tumbaku kilikuwa kinamngoja, na mbegu hazijui kwamba kuna mgonjwa.

"Nitarudi mvua zikiisha," alisema. "Mgeuze kila saa mbili. Mgongoni usimwache na unyevu, atapata vidonda. Na uji usiwe mzito, atapaliwa."

"Nani atamwogesha?"

Malita alimtazama kwa mshangao. "Kwani wewe si mumewe?"

Ndivyo Yotamu Chawinga, mwalimu mkuu mstaafu, alivyoanza kwenda bombani na ndoo mbili kila asubuhi. Wanaume waliokuwa wakielekea mashambani hawakumnyima salamu zao.

"Mwalimu! Maji tena? Siku hizi umeolewa wewe?"

"Mwulizeni mahari yake imekuwa ng'ombe wangapi!"

Alicheka kwa meno tu, akapita.

Siku ya kwanza ya kumwogesha mkewe, alifunga mlango na dirisha. Alimvua nguo huku akitazama ukuta. Alikuwa amelala kando ya mwanamke huyu miaka thelathini na tisa, lakini siku zote taa ikiwa imezimwa. Alipomgeuza ili ampake sabuni mgongoni aliona kovu, refu kama kiganja, limekunjamana, la moto wa zamani, chini ya bega la kushoto.

"NyaMkandawire, hili ulilipata wapi?"

Mkewe aligeuza shingo. Midomo ikahangaika. "Ta," alisema. "Ta, ta. Ta, ta, ta, ta." Alieleza kirefu, mkono wa kushoto ukionyesha kitu kidogo, kisha kirefu, kisha kinachoanguka. Alipomaliza alimtazama mumewe aone kama ameelewa.

Yotamu hakuwa ameelewa chochote. Wazazi wa mkewe walikuwa wamekufa, kaka zake wamekufa. Ilimjia kwamba hatajua kamwe. Alikuwa na miaka thelathini na tisa ya kuuliza, naye yote aliitumia kuongea. Akakaa palepale sakafuni kwenye maji ya sabuni, kitambaa mkononi.

"Mungu wangu," alisema, "nimeshindwa."

Akangoja mengine yafuate. Hayakufuata. Hapakuwa na faraja yoyote, wala sauti, wala joto moyoni. Maji yalikuwa yanapoa, na mkewe alianza kutetemeka kwa baridi, kwa hiyo akainuka akammalizia kuoga.

Usiku Yotamu alilala kwenye mkeka, kando ya kitanda cha mgonjwa. Alfajiri, jogoo hajawika mara ya pili, alimsikia. "Ta. Ta." Sauti ya chini, ya polepole, yenye mapumziko marefu katikati. Akaruka, akadhani anaumwa, akataka kumgeuza. Mkewe aliusukuma mkono wake. Kesho yake vilevile, saa ileile. Siku ya tatu Yotamu alibaki amelala na kusikiliza, na ndipo akakumbuka.

Miaka yote ya ndoa yao NyaMkandawire alitoka kitandani saa ile. Yotamu alichukulia kwamba anakwenda kuwasha moto. Mara moja tu, ndoa ikiwa bado changa, alimfuata, akamkuta ameketi nyuma ya ghala la mahindi, mikono magotini.

"Unafanya nini huku kwenye baridi?"

"Naomba."

"Mbona sikusikii?"

"Tumezoeana naye."

"Haya, unamwomba nini?"

NyaMkandawire alifikiri kidogo. "Leo sijamwomba kitu."

Asubuhi ile Yotamu aliwasimulia walimu wenzake kwamba ameoa mwanamke anayeomba bila kuomba, wakacheka hadi kengele ikagongwa.

Sasa alilala gizani anamsikiliza. Kesho yake, sauti ilipoanza, aliamka, akamwinua mkewe, akamwegemeza ukutani kwa mto, akaketi kando yake kitandani.

"Nikae na mimi?" aliuliza, na safari hii alimtazama kichwa. Mkewe alikiinamisha mara moja.

Haikuwa kazi rahisi kama mtu anavyoweza kudhani. Siku nyingi Yotamu alisinzia. Siku nyingine aliwaza mbuzi, na bati la jikoni linalovuja, na mwanawe aliyeko Joni, kule Afrika Kusini, asiyepiga simu. Alijaribu kutulia akaona ndani mwake hamna kitu, kama nyumba iliyohamwa. Ilimtisha. Alikuwa amewaongoza watu kwa Mungu miaka mingi, kumbe yeye mwenyewe alikuwa anawaelekeza njia tu, mlangoni hajabisha. Hata hivyo hakuwa na pengine pa kwenda. Mkewe alikuwa pale, hawezi kuondoka, naye akabaki.

Kidonda kilimtoka mgonjwa nyongani, pamoja na kumgeuza kote kule. Yotamu alikiosha kwa maji ya chumvi, na kila alipokigusa mkewe aliuma shuka. Alfajiri iliyofuata hasira ikamfumuka.

"Ungeuchukua ulimi wangu mimi!" alisema kwa sauti, na haikuwa sauti ya mimbarini. "Mimi niliyekuwa napayuka. Huyu alikuwa na maneno machache, ukamnyang'anya na hayo. Amekukosea nini? Niambie! Na mimi nifanye nini? Sijui kupika, sijui kuuguza, sijui hata kovu la mke wangu. Sikuelewi. Nakuogopa. Nimechoka."

Akashtuka kwa aliyoyasema, akamgeukia mkewe, akitegemea kuona amechukia. NyaMkandawire alikuwa analia, lakini mkono wake wa kushoto ulikuwa unampigapiga gotini, taratibu, kama mama anavyompigapiga mtoto anayetapika ili atoe yote. Basi akaendelea hadi jogoo wakawika kila boma.

Tangu siku ile alianza kuzungumza. Hakuzungumza sana. "Leo kidonda ni kibaya zaidi." "Uji umeungua tena." "Nisaidie nisimchoke." Hakupewa ishara yoyote. Kidonda hakikupona, ulimi haukufunguka. Lakini akienda bombani aliona kwamba bado anaongea na Mungu njiani, na siku moja hata alimweleza utani wa wale wanaume.

Mwezi wa pili, mvua zilipokuwa zimeshika, NyaMkandawire alipigwa tena na kiharusi. Safari hii hata ile sauti moja ikamtoka. Wanaume wanne, walewale wa mzaha wa bombani, walikuja na machela wakamwinua bila neno, wakaenda naye mbio hadi mtoni. Mto ulikuwa umefurika. Daraja la magogo lilikuwa limefunikwa, maji mekundu yanapita juu yake na matawi mazima ya miti. Ng'ambo ndiko iliko barabara ya hospitali.

Wakaishusha machela chini ya turubai na kungoja. Wakangoja saa nzima, kisha ya pili. Pumzi ya mgonjwa ilikuwa inakoroma.

"Mwalimu," mmoja wao akasema, "omba. Wewe ndiye unayejua."

Yotamu alipiga magoti matopeni, akaushika mkono wa kushoto wa mkewe. Wanaume wakavua kofia. Wakautazama mto, wakamtazama yeye.

"Baba," alisema, "tuko hapa."

Wakangoja aendelee. Mvua ilipiga turubai. Mmoja akakohoa. Yotamu hakusema kingine, wala mto haukupungua. NyaMkandawire alikata roho kabla ya saa kumi, kichwa chake kikiwa mapajani mwa mumewe, na ilibidi Yotamu awaambie wale wanaume mara mbili kwamba sasa wanaweza kumrudisha nyumbani.

Wakamzika Alhamisi. Malita alikuwa amefika, na akina mama wenye blauzi nyeupe, na binti kutoka Mzuzu. Mchungaji Nyasulu ndiye aliyeomba. Usiku nyumba ilijaa watu waliolala huku na kule kwenye mikeka.

Alfajiri Yotamu aliamka saa ileile. Kitanda kilikuwa wazi, shuka zimekunjwa. Alikaa ukingoni mwake. Alihisi utupu mkubwa kuliko wote alioujua, akamwambia Mungu hivyo, kwa maneno hayohayo, akanyamaza.

Malita akasukuma pazia, shali kichwani. "Yotamu? Hujalala?"

"Nimelala. Nimeamka."

"Unaongea na Mungu?"

"Naongea naye."

"Anakujibu?"

"Leo hapana."

Malita akaingia, akajishusha taratibu kitandani kando yake huku akilalamikia magoti, akanyoosha miguu yake.

"Sogea basi," alisema, "nami nipate pa kuweka mgongo."

Yotamu akasogea.