Kaa la Mama Limi

Mbuke, ambaye kijiji kizima kilimwita Mama Limi, alijua saa ya kuulizwa kama amesamehe ingefika, na aliichukia hata kabla haijafika.

Mwaka wa hamsini na tatu, kijijini kwao njia ya Geita, jirani yake Donatus alikuja asubuhi kuomba moto. Mbuke akampa kaa kwenye kigae. Kila mtoto wa Kisukuma anajua kaa hufunikwa jivu. Donatus, mja wa Mungu, akalibeba wazi katika upepo wa kiangazi, tena akasimama karibu na ukingo wa paa la nyasi kupiga soga. Cheche moja tu, loo! Nyumba ya Mbuke ikateketea, na ghala la mtama, na koti alilokuwa akivaa marehemu mumewe mgodini.

Serikali ikamfunga Donatus miezi mitatu, akaponda kokoto. Aliporudi akasema adhabu ameimaliza. Wazee wakacheka. "Umeimaliza kwa nani? Hizo kokoto Mama Limi alizila?"

Wakamtenga. Hakuna kumsalimu, hakuna kumpa maji wala moto. Kiberiti cha duka la Jashvant kingemwashia kuni, lakini mke wa Donatus alikuwa karibu kujifungua na hakuna jirani hata mmoja ambaye angekwenda kumkanda. Mvua zikianza hajapokewa, sharti wahame.

Basi Donatus akamjengea Mbuke nyumba, akamjazia ghala, akachinja ng'ombe, kijiji kikala kikashiba. Likabaki moja. Kwa desturi, aliyekosewa ndiye humpa mkosaji moto kwa mkono wake. Asipompa, ng'ombe ameliwa bure.

Mzee Mageni, msemaji wa wazee, akauliza mbele ya watu uani kwa Mbuke: "Mama Limi, nyumba umepata, mtama umepata. Moyo wako umekuwa mweupe?"

"Haujawa," Mbuke akasema. "Koti je? Lilikuwa bado linanukia jasho la baba Limi."

"Maji yakimwagika hayazoleki, mama."

"Nalijua hilo, baba. Ndiyo maana nalia."

Donatus akapiga magoti. "Mama, la koti sina la kusema."

Mbuke alikuwa na hasira, wala hakuificha. Kutoka nyumbani kwa Donatus kichanga kilichozaliwa juzi kikalia, kikalia, na hakuna aliyeinuka. Mbuke akachukua kigae, akachota kaa jekundu jikoni mwake, akalifukia kwa jivu mpaka likapotea machoni.

"Shika. Moyo wangu bado, usije ukadanganywa na huyo ng'ombe. Lakini mzazi hakandwi kwa maji baridi."

Donatus akapokea kwa mikono miwili, akaondoka polepole kama aliyebeba mayai. Mbuke akajitwika kibuyu cha maji, akamfuata nyuma hatua kwa hatua, jicho kwenye kigae, hadi mlangoni. Kisha akaingia ndani kwa mke wa Donatus.