Jeshini Hakuna "Sijasikia"

Mtaani walimwita Mzinga, na jina lilimkaa kwa maana zake zote mbili. Alitumikia kikosi cha mizinga mpaka akastaafu akiwa koplo, na aliporudi uraiani alirudi na nyuki kichwani: mvumo usiokoma, kutwa kucha, masikio yote mawili. Mwanzoni alikuwa akiuliza, "Unasemaje?" Baadaye akaacha kuuliza. Akawa anatikisa kichwa tu na kusema "Naam", hata ukimwambia nyumba inaungua.

Mkewe alikuwa fundi cherehani, na mtaa mzima ulimwita Fundi. Chumba chake cha kazi kilikuwa mbele ya nyumba, mlango ukitazama barabara. Wateja wageni walidhani mke na mume wale wanagombana kuanzia asubuhi.

"Nipe mkasi!"

"Naam."

Mkasi hauji.

"MKASI!"

Ndipo Mzinga anainuka kwa heshima zote na kumletea uzi.

Alikuwa amepata kazi ya ulinzi kwenye ghala la mbao, lakini haikudumu. Lori lilipiga honi getini mpaka dereva akachoka, akashuka, akapita mlango mdogo na kumgusa bega. Mwenye ghala hakumtukana. Alimwambia tu kwamba mlinzi asiyesikia ni sawa na taa isiyowaka. Tangu hapo Mzinga akawa mtu wa kukaa kwenye kiti karibu na pasi, akinoa mikasi ambayo tayari ilikuwa mikali.

Haya yote Fundi aliyavumilia. Lililomtoa kwenye subira ni la mjukuu. Binti yao alikuwa akimwacha mtoto wake kwa babu kila anapokwenda kazini. Siku moja Fundi alitoka kununua zipu. Mtoto akaingia bafuni, komeo likamnasa, akaanza kulia. Alilia mpaka jirani akaja mbio kutoka upande wa pili wa ukuta na kuubomoa mlango kwa bega. Mzinga alikuwa kwenye kiti chake, hatua chache tu, ananoa mkasi. Alipoona mlango uko chini na mtoto yuko mikononi mwa jirani, alisimama, mkasi bado mkononi.

Binti hakugomba. Alimbeba mwanawe, akasema, "Mama, nitamtafutia mahali pengine." Maneno hayo yalimuuma Fundi kuliko kama angegombezwa.

Kesho yake akakumbuka tangazo aliloliona ukutani hospitali: *Huduma kwa askari, wastaafu na familia zao. Piga simu, tupo kwa ajili yako.* Akaenda kuinakili namba, akapiga.

"Ofisi ya huduma, habari yako," akaitika kijana mmoja.

"Nzuri, kaka. Mume wangu ni mstaafu wa jeshi. Masikio yake yameharibika na mizinga. Tunaomba mashine ya kusikilizia."

"Pole, mama. Mpe simu mwenyewe."

"Mwenyewe hasikii."

"Naelewa, mama, lakini utaratibu unataka nizungumze na mhusika."

"Kaka yangu, ukizungumza naye utazungumza peke yako."

"Mpe tu, mama. Ni dakika moja."

Fundi akampa. Mzinga akaibandika simu sikioni, akasimama wima kama yuko gwaride. "Naam, afande!" Akabana visigino. "Naam, afande! Naam!" Kisha akairudisha simu, imeshakatwa.

"Amesemaje?" mkewe akamuuliza kwa ishara.

"Amesema sawa."

Fundi akapiga tena. Kijana yule yule akamweleza kwa upole kwamba mhusika ameulizwa kama atumiwe mtu nyumbani au atakuja mwenyewe ofisini, na amejibu ndiyo.

"Ndiyo ipi?"

"Tumeandika ya pili, mama."

Basi wakaenda ofisini. Lilikuwa jengo la ghorofa lililopakwa rangi ya maziwa, sakafu inang'aa, mabenchi ya chuma yamepangwa kama kanisani. Ukitoa jina mapokezini, unakaa mpaka uitwe. Na kuitwa kwenyewe ni karani anachungulia mlangoni, anataja jina mara moja kwa sauti ya mtu aliyetoka kuamka, kisha anarudi ndani. Fundi alitega masikio kwa niaba ya wawili. Mchana ulipoingia alibanwa, akamwonyesha mumewe mlango wa karani na kumwambia, "Uangalie pale, usibandue macho!" Aliporudi, Mzinga alikuwa bado anautazama mlango ule bila kupepesa. Umefungwa. Karani alikuwa amechungulia kwenye mlango wa pili.

"Aliitwa, hakuitika," wakaambiwa mapokezini. "Mrudi wiki ijayo."

"Hakuitika kwa sababu hasikii! Si ndicho kilichotuleta?"

"Mama, hapa hatupigi kelele."

"Basi ndiyo maana hamsikiki!"

Waliokuwa kwenye mabenchi wakacheka chinichini. Mzinga naye, alipoona watu wanacheka, akacheka.

Walirudi. Safari hii Fundi hakunywa maji tangu asubuhi. Jina lilipotajwa alimshika mumewe mkono wakanyanyuka pamoja, lakini mlangoni karani akamzuia. Anaingia mhusika peke yake. Familia inasubiri nje.

"Nani atamsikilizia?"

"Mama, ndani kuna ofisa wa afya. Ni mtaalamu."

Mlango ukafungwa. Haukuchukua muda ukafunguka, Mzinga akatoka anatabasamu, kifua mbele, na karatasi mkononi. Fundi akaisoma pale pale. *Mhusika amehojiwa ana kwa ana. Amejibu maswali yote bila kusita. Usikivu unaridhisha.*

Akamvuta mumewe mpaka kwenye ngazi za nje. Huko akashindwa kujizuia.

"Ulimwambia nini?"

"Eti?"

"ULIMWAMBIA NINI YULE MTU?"

"Aliniuliza, nikamjibu."

"Alikuuliza nini?"

Mzinga akaangalia viatu vyake. "Sijui."

"Hujui! Tumekuja huku tukarudi, tukaja tena, nimeacha nguo za watu hazijashonwa, halafu unakaa mbele ya mtu wa kukusaidia unamwambia naam, naam, naam! Nani kakuloga? Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Wewe umewasikia wakuu maisha yako yote, wamekuvunja masikio, na bado unawaitikia!"

Ugomvi na mtu asiyesikia hauna siri. Mtaa wote ule wa maofisi ulikuwa umesimama. Mzinga akaona watu wanavyowatazama, akainama karibu na mkewe na kuzungumza kwa sauti ambayo yeye aliidhani ni ya chini.

"Mama watoto, jeshini hakuna 'sijasikia'. Ukisema hujasikia, umekataa amri. Niliona mtu anazungushwa uwanja na gunia la mchanga mabegani mpaka akaanguka, kisa kauliza mara mbili. Kule unasema naam, halafu unamwangalia mwenzako anafanya nini, unafanya kama yeye. Nimeishi hivyo. Yule mule ndani amevaa magwanda. Mdomo unaitika wenyewe."

Hasira ya Fundi haikuisha, ila ilikosa pa kukaa. Hakuwa amewahi kuambiwa hivyo. Akaketi kwenye ngazi, mkoba mapajani, akawa anaikunja ile karatasi na kuikunjua.

Hapo ndipo mwanamke mmoja aliyekuwa anashuka akasimama. Alikuwa mwalimu wa watoto wadogo, vumbi la chaki bado limo kwenye mikunjo ya vidole, na mumewe, dereva wa magari ya jeshi, alirudi salama kutoka vitani, mwili mzima, lakini hawezi kulala mlango ukiwa umefungwa.

"Dada, samahani, nimesikia. Kila mtu amesikia," akasema. "Kwa nini mnapitia mbele? Mbele ni kwa askari wenyewe. Familia wana ofisi yao, nyuma, ukipita stoo ya magodoro. Kuna kapteni pale, mwanamke. Yeye anawapokea mke na mume pamoja."

Fundi akamkazia macho. "Ofisi ya familia? Humu humu?"

"Humu humu."

"Mbona hakuna aliyeniambia?"

"Hata mimi niliambiwa na mwenzangu kwenye benchi."

Fundi hakwenda nyuma moja kwa moja. Alirudi kwanza mapokezini, akaweka viganja juu ya meza na kuuliza kama ni kweli kuna ofisi ya familia. Ni kweli. Mbona hakuelekezwa? Yule wa mapokezi akajibu bila ubaya wowote, na hilo ndilo lililochoma zaidi: "Mama, ulisema umemleta mwanajeshi. Hukusema wewe ni familia."

Stoo ya magodoro waliipata kwa harufu. Mlango uliofuata haukuwa na kibao, ila alama nne za misumari mahali kibao kilipokuwa. Ndani kulikuwa na meza, viti vya plastiki na kapteni aliyevaa miwani ya kusomea, anakula karanga kutoka kwenye bahasha. Aliwakaribisha wakae wote wawili. Fundi akaanza kueleza, na alivyoeleza akajikuta analia, jambo lililomkera mno, maana alikusudia kufoka.

Kapteni akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akachukua faili lililokuwa mezani, akalishika mbele ya mdomo wake kama anayelisoma, na kusema jambo kwa sauti ya kawaida.

"Naam, afande!" Mzinga akaitika.

Kapteni akasema jingine.

"Naam, afande."

Akalishusha faili. Akamwelekea uso kwa uso, akasema polepole, midomo wazi, "Koplo, nimekuuliza umezaliwa wapi. Halafu nimekuuliza una watoto wangapi. Umenijibu naam."

Mzinga akajaribu kutabasamu, tabasamu likagoma. Akamtazama mkewe kama alivyozoea kumtazama mwenzake gwaride ili aone afanye nini. Fundi akabaki amekaa, mikono mapajani. Hakumsaidia.

"Nitakuuliza tena," kapteni akasema, akainua faili. Maneno yakatoka nyuma yake.

Mzinga akalikazia macho faili. Jasho likamtoka juu ya mdomo. Akavuta pumzi, na badala ya kukaa akasimama wima, mikono imebana mapaja.

"Sijasikia, afande."

"Kaa chini, koplo," akasema kapteni, na hakuna gunia la mchanga lililoletwa.

Lau hadithi ingeishia hapo ingekuwa tamu, lakini ofisi haziendi hivyo. Karatasi ya kwanza ilikuwa imeshaingia kwenye faili kuu, na faili kuu lilisema anasikia. Ili aonekane hasikii ilibidi kwanza karatasi ile ifutwe, na mwenye mamlaka ya kuifuta alikuwa mafunzoni. Aliporudi, mtambo wa kupimia masikio hospitali ya jeshi ukaharibika. Mtambo ulipopona, mpimaji akahamishwa. Kila hatua kapteni alikuwa akimpigia Fundi simu mwenyewe, wala haombi kuzungumza na mhusika, na kila mara habari ilikuwa ni ya kungoja. "Usichoke, mama," alimwambia. "Wanaotegemea uchoke ni wengi." Fundi akamjibu kwamba kuchoka ameshachoka zamani, sasa anaendeshwa na hasira tu, na hasira hailipiwi nauli.

Hatimaye Mzinga akaingizwa kwenye kichumba cha kioo cha kupimia masikio, akavishwa vidude vya masikioni, akaambiwa abonyeze kitufe kila anaposikia mlio. Fundi alisimama nje ya kioo. Alimwona mumewe amekaa na kidole juu ya kitufe, uso umekaza, hakibonyezi. Hakibonyezi. Hakibonyezi. Alikuwa anajua siku nyingi kwamba mume wake hasikii. Lakini kuuona ukimya wake kwa macho, akiwa mle ndani peke yake anasubiri mlio ambao mtu mwingine yeyote angeusikia, kulimfanya ageuke atazame ukuta.

Walipewa mashine. Moja, ya sikio la kushoto. La kulia lingesubiri mgao ujao, na mgao ujao hakuna aliyejua ni lini.

"Mizinga ilipiga sikio moja tu?" Fundi akauliza. Mpimaji akainua mabega. Hakuwa yeye aliyegawa.

Jioni ile Mzinga aliivaa mezani. Binti alikuja na mtoto, kuangalia tu, alisema, hakusema atamwacha. Vijiko viligonga sahani, mtoto akaburuta kiti, pikipiki ikapita nje, na kila mara Mzinga alishtuka mabega. Kabla chai haijaisha akaing'oa na kuitumbukiza mfuko wa shati.

"Unaivua!" Fundi akasimama. "Baada ya yote yale? Wallahi leo utanieleza!"

Hakumsikia, bila shaka, ila uso wa mkewe aliusoma vizuri.

"Polepole, mama," akasema. "Kelele za miaka yote zimeingia kwa siku moja, na nyuki nao hawajahama. Niache niizoee."

Fundi alilala amempa mgongo.

Asubuhi alipoamka kitanda upande wa pili kilikuwa kitupu. Alimkuta kizingitini, kwenye ngazi ya mlango wa mbele, kashika kikombe, kainamisha kichwa upande wa kushoto kuelekea ukuta wa jirani. Mashine ilikuwa sikioni. Hakuna aliyemwambia aivae.

"Unafanya nini hapo?"

Akainua kidole kumnyamazisha. Upande wa pili jirani alikuwa akimsimulia mkewe jambo refu kuhusu bomba la maji.

"Huyu bwana," Mzinga akanong'ona, na kweli ilikuwa minong'ono, "kumbe ana sauti nyembamba hivi? Mwili wote ule!"

Fundi alitaka kucheka, hakuwa tayari bado. Akaingia ndani kutafuta viatu. Ilikuwa siku ya kazi, ofisi zimefunguliwa, na bado kulikuwa na sikio la kulia.