Mgeni wa Jiwe Bapa

Mfuko wenyewe baba aliushona kwa vipande vilivyobaki kwenye suruali za wateja, mkanda wake ukiwa pindo la koti. Alikuwa fundi cherehani, hakutupa hata uzi. Kila Jumapili aliwapandisha kilimani wanawe wawili, Dada na Kitinda, wakala machungwa kando ya kijito, kisha wakashuka wakiokota taka za watu na kuzitia humo. Lakini neno taka hakulitaka.

"Hao ni wageni," alikuwa akisema. "Wamesahau kwao tu. Na mgeni husindikizwa, hafukuzwi."

Sasa baba hayupo, na Dada anaolewa mwezi ujao, ahamie mbali. Walikuwa watatu, wakabaki wawili; karibuni Kitinda atabaki yeye na mfuko. Jumapili hii Dada alimleta mchumba wake, fundi bomba mwenye mabega kama kabati. Kitinda akajisemea moyoni, haya, ngoja tumwone.

Hawajafika hata katikati, Dada akamwambia mchumba, "Nyuma yako kuna mgeni."

Fundi bomba akageuka upesi, akaweka shati sawa. "Karibu, karibu sana!"

Palikuwa na karatasi ya biskuti imenasa kwenye miiba.

Dada alicheka mpaka akakaa chini. "Mpe mkono basi, shemeji," Kitinda akasema, "asije akasema una maringo."

"Ninyi mtaniua," akajibu, akainasua karatasi na kuitia mfukoni.

Juu kulikuwa na jiwe bapa, na katika ufa wake, mbali kuliko urefu wa mkono, kopo la maziwa lililoota kutu. Baba alihangaika nalo kwa vijiti miaka nenda miaka rudi. Lilipomshinda akawa analisalimia tu: "Bado upo, bwana mkubwa? Haya, wiki ijayo."

Kitinda aliinama ufani kama kawaida. "Bado upo?"

"Nani tena huyo?" Fundi bomba akachungulia, akalala kifudifudi. "Ah, shemeji, vitu vilivyonasa si ndiyo kazi yangu?" Akatoa waya, akaupinda ncha kama ndoana, akaupeleka taratibu. Kopo likatoka likikwaruza.

Aliliinua juu akitabasamu. Kitinda alilitazama kopo, kisha ule ufa mtupu. Kile kilichomshinda baba kimekwisha kwa muda wa kumenya chungwa, na Jumapili ijayo hakutakuwa na wa kusalimiwa.

Tabasamu la fundi likafifia. "Nimeharibu? Nilirudishe?"

Dada alimtazama mdogo wake, akamwachia neno.

Kitinda akalipokea kopo. Lilikuwa jepesi kuliko alivyodhani, kutu yake ikampaka vidole. "Mgeni akishaaga, shemeji, hasukumwi ndani tena," akasema mwishowe. "Ila huyu hatumtii mfukoni na watoto. Huyu ni mzee. Tumshike mkono."

Wakashuka, yeye amelibeba kifuani. Kwenye kona ya kijito, pale baba alipozoea kupumzisha goti lake, fundi bomba alisogea ubavuni pake.

"Lete nikupokee, shemeji."

Kitinda alimwangalia kitambo, kisha akampa.

"Polepole," akamwambia. "Amekaa sana, miguu imekufa ganzi."