Doa Kichwani mwa Zaidi

Homa ya Zaidi ilipofika siku ya tatu, Mwaija akamwona mumewe anatia chumvi kwenye chai, anakunywa na kusifia utamu. Ulimi ulikuwa mzito kidogo, vifungo vya shati vinamshinda. Jioni, mbele ya mama yake, ugali ulipochelewa, Zaidi akasema, "Mwaija, nimekuacha. Talaka tatu." Alisema taratibu kama mtu anayeomba maji. Kisha akauliza, "Mbona hunipakulii?"

"Umesikia," alisema mama mkwe, Bi Mashavu. "Mimi sikumtuma."

Kesho yake homa ikapanda. Mwaija akampakata kwenye bodaboda kutoka Kwamsisi hadi Mkata, wakapanda basi la Korogwe. Baada ya picha ya kichwa daktari akamwonyesha doa jeupe katikati ya ubongo.

"Limeletwa na hiyo homa. Tutatibu homa, doa litaondoka lenyewe."

"Halina dawa yake?"

"Ni kusubiri, mama."

Mwaija akasubiri, anamwangalia anavyomeza uji. Doa likaondoka kweli. Picha ya pili ilikuwa safi, na Zaidi akarudi nyumbani anatania watu njia nzima.

Shehe Mhina alipokuja kuamua kama ile talaka imesimama, Mwaija akaitandika picha ya kwanza mkekani. Bi Mashavu akaiweka ya pili juu yake.

"Kichaa gani hicho kinaisha bila mganga, bila ngoma hata ya usiku mmoja? Mjomba wake aliugua kichwa, tulimchezea ngoma mpaka mbuzi wakaisha! Huyu mwanangu alikuwa na homa tu."

Waliokaa wakaguna kukubali. Shehe akamgeukia Zaidi.

"Asiye na akili talaka yake haisimami. Siku ile akili zako zilikuwepo?"

Zaidi alikuwa anafundisha watoto Kurani, na baba zao walikuwa wamekaa hapo hapo, wanamtazama. Mwaija akamwomba kwa macho. Aseme tu hakumbuki, maana kweli hakukumbuka. Alishamwambia hivyo kule wodini.

Zaidi akainamia mkeka.

"Mimi sijawahi kuwa kichaa, shehe."

"Hakuwa kichaa!" Mwaija akapaza sauti. "Alikuwa mgonjwa!"

"Basi, binti yangu," shehe akasema kwa upole, "hata wewe umesema hakuwa kichaa."

Bi Mashavu akainuka kwenda kumtolea Mwaija nguo zake.