Tawi Lililokatwa Kileleni

Mwalimu wa ngoma alinipa wiki tatu nishone mashati kumi na mawili ya wasichana wake. Kijijini kwetu, huku milima ya Karpati, zamani kazi hiyo ingegawanywa kwa wanawake kumi. Safari hii nilikuwa peke yangu na cherehani ya kutarizi. Nikaiomba akili mnemba inichoree nakshi ya mikono ya mashati, ya kikwetu. Ilitoka nzuri mno. Walioniuliza niliwaambia ni ya bibi yangu.

Binti yangu Orysia alikuwa akijaribu shati lake alipoingia Bibi Yevdokia, jirani yetu mzee aliyetarizi mpaka macho yakachoka. Aliupapasa mkono wa shati kwa kidole, akakirudisha palepale.

"Vipi, Bibi? Mbaya?"

"Nani kakupa hii, Stefania?"

"Kompyuta."

"Haijui inachokifanya. Hili tawi lililokatwa kileleni, mama yangu alilitia kwenye mashati ya kuzikia tu. Mvue mtoto."

Mume wangu Lukyan alikuwa vitani, siku ya nne hajapiga simu. Baba saba wa wale wasichana walikuwa huko huko. Nilimvua Orysia kwa pupa.

"Mama, unaniumiza."

Nililikunja shati lile, nakshi ikiwa ndani.

Ningeweza kunyamaza, tawi lile alilijua Yevdokia peke yake. Lakini kila simu ya jirani ilipolia, niliona ni tawi lile limefanya kazi yake. Kesho yake niliwaita akina mama, nikasema yote, na uongo wangu pia.

Hanna, ambaye binti yake Marichka ni mmoja wa wachezaji, ana ulimi wa wembe. "Kwa hiyo umewashonea watoto wetu sanda," akasema. Kisha akavuta kiti, akachukua mkasi. "Haya, usisimame kama nguzo. Tufumue."

Tulifumua na kutarizi upya siku mbili, Yevdokia akituchorea kwa mkaa majani ya mwaloni ya kuwekwa mahali pa tawi. King'ora cha mashambulizi ya anga kilipolia tulishuka na mashati kwenye chumba cha chini ya nyumba, tukaendelea kwa tochi.

Lukyan alipiga siku ya saba, dakika moja tu. Baba yake Marichka hakupiga, na mpaka leo hajulikani alipo.

Wasichana walicheza Jumapili, Marichka mstari wa mbele. Hanna hunisalimu vizuri, wala hajawahi kulitaja jambo lile. Mimi ndiye ninayevuka barabara nikimwona anakuja.