Betri Tano na Shamba la Shemeji

Shemeji yangu Hamidu alirudi kutoka Dar es Salaam mwezi wa Juni, mwaka 1996, akiwa na marobota mawili ya mitumba, katoni sita za sabuni na bunduki ya upepo. Mitumba na sabuni alivimaliza mnadani ndani ya wiki tatu. Bunduki hakuiuza. Aliitundika begani akazunguka nayo kijiji chetu chote cha Chiungutwa kwa baiskeli, akimweleza kila aliyemsimamisha kwamba haitumii baruti, inatumia upepo tu, na risasi zake ni ndogo kama punje za mtama.

Jumamosi ya kwanza aliileta kwetu, kwa sababu uwanja wetu ndio wenye kichuguu kikubwa upande wa nyuma. Nilikubali kwa masharti. Kinachopigwa kikae mbele ya kichuguu, ili risasi ikikosa iishie kwenye udongo. Mtu, kuku wala mbuzi asipite upande ule. Bunduki ikipokezanwa, mdomo uangalie chini. Hamidu alicheka, akamwuliza mume wangu Fakihi kama alioa mke au afande. Fakihi ni fundi cherehani na hana haraka ya kujibu. Alimaliza kutunga uzi kwenye sindano, kisha akasema alipata vyote viwili kwa mahari moja.

Tuligeuza kinu juu chini, tukasimamisha juu yake betri tano za redio zilizokwisha. Zamani betri ya namna hiyo tuliianika juani ili iimbe siku mbili zaidi. Sasa kila duka lilikuwa na betri mpya, na mbovu za kuchezea zilijaa tele. Tulihesabu hatua ishirini. Wanaume walipiga wakakosa, wakailaumu bunduki. Nikaomba zamu yangu, nikaangusha tatu.

Hakukuwa na muujiza. Nilisomea kilimo hadi diploma, na enzi zile ukimaliza chuo ulikwenda Jeshi la Kujenga Taifa kwa mujibu wa sheria. Mwaka mzima nililala chini na bunduki kubwa kuliko hii, afande akinisimamia kichwani: tulia, bana pumzi, vuta polepole. Vitu vingine vya kule nimevisahau. Hicho hakikutoka.

Basi kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana uwanja wetu ulijaa. Jirani yetu Dominika alileta vitumbua vyake, akauza na kuhesabu pointi kwa pamoja. Fakihi alikuwa mpigaji mbovu kuliko wote na aliyefurahi kuliko wote. Kinu changu kilipata matundu saba, na yote saba yalikuwa yake.

Mwezi wa Agosti ulipoingia nilianza kukosa usingizi, na sababu yake ilikuwa shamba la Hamidu.

Mikorosho yetu na yake ilipandwa na marehemu baba mkwe. Watu walipohamishiwa vijiji vya ujamaa iliachwa porini, na kwa kuwa korosho hazikuwa na bei, hakuna aliyeihangaikia. Wanunuzi binafsi walipoingia na bei ikapanda, kila mtu alikumbuka baba yake alipanda wapi. Ndugu hawa wawili waligawana: Fakihi akachukua mikorosho arobaini na tisa, Hamidu akachukua hamsini na mitatu upande wa kusini. Mimi nilikuwa bibi shamba wa serikali kwa miaka tisa, hadi watumishi walipopunguzwa mwaka 1994 nami nikapunguzwa. Nikaingia kwenye ile mikorosho na panga. Nilifyeka, nikapogoa, nikapuliza salfa ya kuzuia ukungu, na mikorosho ikarudi. Hamidu aliliacha lake likiwa pori. Nyasi zilimfika mtu kifuani.

Agosti ya mwaka uliotangulia, wawinda panya wa kitoweo waliwasha moto bondeni ili panya watoke mashimoni. Upepo wa kusi ukauchukua hadi kwa Hamidu. Ule moto ukala nyasi za upande wake usio na mikorosho, ukashiba, ukatokea mpakani ukiwa mrefu kuliko nyumba. Nilikuwa nimelima njia tupu kwenye mpaka wangu, lakini cheche za moto mkubwa vile zinaruka tu. Mikorosho kumi na mmoja iliungua ikiwa na maua. Nilibakiwa na thelathini na minane. Ilikuwa imechanua tena sasa, na nyasi za Hamidu zilikuwa zimekauka tena.

Mimi ni mzaliwa wa Newala. Kule maji hufuatwa bondeni na kupandishwa mlimani kichwani, kwa hiyo hakuna anayewaza kuyamwagia moto. Moto unaunyima chakula kabla haujaja. Nilimwambia Hamidu hivyo mara ya kwanza kwa upole, mara ya pili bila upole. Akasema yeye hufyeka Septemba, korosho zikikaribia kudondoka, mara moja tu kwa mwaka, na anayefyeka mara mbili anapenda kazi kupita kiasi. Isitoshe, mikorosho ya baba yake imezoea moto kama mpishi. Nilipomfuata mara ya tatu, mbele ya watu, pale pale uwanjani kwangu, alinijibu huku akifuta bunduki yake kwa kitambaa.

"Bibi shamba, ulishapunguzwa. Na semina isiyo na posho haina wasikilizaji."

Watu walicheka. Mimi pia nilicheka kidogo, maana ilikuwa kweli. Kisha nikamwambia tupige. Betri tano kila mtu, na atakayeshindwa ampe mwenzake siku moja ya kazi, popote mshindi atakapotaka.

Alikubali kabla sijamaliza. Nilijua anachokitaka. Alitaka niibebe ile mashine ya kupulizia salfa kutwa nzima kwenye mikorosho yake, kazi ambayo ukiimaliza unapanda kitandani kwa magoti. Alikwishaanza kunipangia nianzie mkorosho gani.

Dominika akaongeza sharti lake, kwa sababu ndiye mwamuzi na kwa sababu anapenda mambo makubwa. Kila mtu asimame upande wa mpigaji anayemwamini, na upande utakaoshindwa uende wote kazini. Wanaume wakahamia kwa Hamidu wakisukumana. Niliwahesabu: kumi na tisa. Kwangu alisimama Fakihi, ambaye hakuwa na pa kwenda. Halafu Ziada, mke wa Hamidu, akanyanyua kigoda chake na kuanza kuvuka uwanja.

"Mama Yunusi, wapi huko?" Hamidu akamwuliza.

"Kivulini."

"Kivuli kiko huku."

"Basi niache nikae juani na washindi."

Hamidu alipiga kwanza. Nne zilianguka moja baada ya nyingine, safi, siwezi kusema vinginevyo. Ya tano ilitikisika, ikazunguka kidogo, ikabaki imesimama. Upande wake wote ukadai kwamba imepigwa na ihesabiwe. Dominika akawauliza kama mlevi akitikisika huwa tayari wameshamzika. Nne.

Nikachukua bunduki. Ya kwanza nilikosa.

Sikosi ya kwanza, na kila mtu pale alilijua hilo. Mtu mmoja nyuma ya Hamidu akauliza kama jeshini nilipangiwa bunduki au jiko la uji. Nilichokiona mbele yangu si betri, ni mashina kumi na moja meusi, na nikaona mengine thelathini na manane yakijipanga nyuma yake. Fakihi alinisogelea, akanipangusia jasho la kwenye nyusi kwa ncha ya futi yake ya kitambaa, akarudi nyuma. Nikabana pumzi. Ya pili ikaanguka. Ya tatu, ya nne, ya tano.

Tulikuwa sawa, nne kwa nne. Dominika akaamuru betri moja ilazwe juu ya kinu, kitako chake kikitutazama, na tusogee nyuma hadi hatua thelathini. Kutoka pale kile kitako kilionekana kama kifungo cha shati. Hamidu alilenga kwa muda mrefu, akapiga, kinu kikapata tundu la nane. Ziada akaomba radhi kwa niaba ya familia.

Zamu yangu ilipofika upepo wa kusi ulikuwa umeamka. Risasi nyepesi kama ile hupeperushwa. Upande wa pili waliimba kunitaka niharakishe, nami sikuharakisha. Nilikaa na shavu kwenye mti wa bunduki hadi majani ya mpapai wa Dominika yalipotulia, nikavuta. Betri iliruka, ikagonga kichuguu, ikaanguka.

Fakihi, ambaye sijawahi kumwona akikimbia hata mvua ikimnyeshea, alikimbia uwanja mzima na kurudi. Ziada alipiga vigelegele mbele ya uso wa mumewe. Wale kumi na tisa wakaanza kuchekana wenyewe, kila mmoja akimwuliza mwenzake nani alimleta upande ule. Wawili walijaribu kunyata kuja kwangu. Dominika aliwarudisha kwa kuwavuta shati.

Kazi ilipangwa Jumatatu. Alfajiri walifika wote, na mapanga, majembe na reki, Hamidu mbele akinung'unika kwamba shemeji anayelilia shamba lake kusafishwa, wakati ni safi kama sinia, ana roho ya kikoloni. Nilitangulia. Tukafika kwenye mikorosho yangu, nikapita. Nikapita mstari wa mwisho, nikavuka mpaka, nikaingia kwenye nyasi za kifuani.

"Shemeji, umepitiliza," Hamidu aliniita.

"Sijapitiliza."

"Hapa kwangu."

"Najua. Tutakata upande wa bondeni wote, upana hatua nane, hadi udongo uonekane. Tukimaliza, tunafyeka chini ya mikorosho."

Alisimama, panga mkononi, akiwatazama wenzake na kunitazama mimi. Ilimchukua muda kulielewa. Wengine walilielewa kabla yake, na kicheko kilianzia nyuma kikaja mbele kama mtu anayepita katikati ya watu.

"Yaani nimeshindwa," alisema, "ili nije kulima kwangu?"

"Popote mshindi atakapotaka," Dominika alimkumbusha.

Alijaribu kubisha kwamba mtu hulimishwa kwa mwenzake, na kwamba hajawahi kusikia adhabu ya namna hii. Mmoja wa wale kumi na tisa akamwambia anyamaze, kwa kuwa wao wanalima kwa mtu asiye hata ndugu yao, na bado hawajalalamika. Hapo ndipo Hamidu alipocheka. Alicheka hadi akakaa chini, kisha akainuka, akatema mate viganjani, akapiga panga la kwanza.

Ilikuwa siku nzuri. Watu ishirini wakiamua kufanya kazi, pori halina ubishi. Wanaume walikata, mimi na Fakihi tulikwangua kwa majembe nyuma yao, Ziada na Dominika walizifunga nyasi ndefu mafungu mafungu za kuezekea jiko, wakazibeba hadi kijijini, na hakuna hata unyasi mmoja uliobaki kuwa kuni za moto. Mchana tulikula ugali wa muhogo na kisamvu chini ya mikorosho ya ndani, ambayo panga la Hamidu la kila Septemba halikuwa limeifikia kwa miaka miwili. Aligundua ana mikorosho hamsini na saba, si hamsini na mitatu. Alizunguka akiigusa ile minne mipya kama mtu aliyepokea wageni bila taarifa. Yote ilikuwa imechanua.

Moto ulikuja siku ya tisa, Jumatano, saa saba mchana, nikiwa nachemsha kunde. Niliusikia kabla sijauona. Nilitoa kunde jikoni, nikamwita Fakihi, tukakimbia. Tulipofika Hamidu alikuwepo tayari na Ziada, kila mmoja na tawi bichi mkononi, wamesimama kwenye ule udongo mtupu wakitazama bondeni. Moshi ulikuwa mzito, na panya walivuka njia miguuni petu bila kutujali.

Moto ulipanda mbio, ukafika ukingoni mwa njia, ukanyanyuka kutafuta pa kushika. Cheche chache zilivuka. Tulizipiga kwa matawi, Hamidu akipiga kuliko wote, akizitukana moja moja. Mkorosho wake mmoja uliungua majani upande mmoja. Halafu moto ukashuka kimo, ukawa mstari mwekundu unaotambaa, ukafika kwenye udongo na kuzimika wenyewe.

Nilitembea hadi kwangu nikahesabu. Thelathini na minane, na maua yake. Nilihesabu mara ya pili kwa sababu macho yalinijaa moshi, na si moshi tu.

Nilipogeuka Hamidu alikuwa katikati ya shamba lake, uso mweusi kwa masizi, akiwaeleza watu waliokuja mbio na matawi jinsi alivyoipima njia ile kwa hatua zake mwenyewe, nane kamili, kwa sababu sita zisingetosha. Ziada alinitazama, akaziba mdomo kwa kanga. Mimi sikumsahihisha. Nilimwuliza tu kama mwakani anafyeka mwezi gani.

"Julai," alisema, kwa sauti ya mtu aliyeulizwa jambo la wazi. "Nani anasubiri Agosti?"

Fakihi akaniambia twende nyumbani, kunde hazijaiva na yeye ana njaa.